Maneno ya Bahari na Biashara: Dhamana ya Mzigo Iko kwa Nani?

Mtu apandaye gari la abiria aweza kufika aendako bila kujua jina la kila chuma kilichomo katika injini. Lakini mtu apelekaye au aagizaye mali kwa njia ya bahari hawezi kufanya hivyo kwa salama. Mali yake hupita katika mikono ya watu wengi: muuzaji, mchukuzi wa nchi kavu, kuli wa bandarini, nahodha, wakala, na mtu wa forodha. Kila inapotoka mkono mmoja na kuingia mkono wa pili, lipo neno, au ipo hati, ionyeshayo ni nani tangu saa hiyo mwenye dhamana ya mzigo. Mzigo ukipotea au ukilowa maji, swali la kwanza huwa ni neno gani liliandikwa. Asiyelijua neno hilo ndiye alipaye, hata akiwa hana kosa.

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Somo hili laeleza maneno yatumiwayo sana katika safari na biashara ya bahari, kuanzia yale ya jahazi na pepo hata yale ya bandari, hati na bima, ili kila mwenye duka, mkulima auzaye nje, au kijana atafutaye kazi ya ukarani apate kuyaelewa kabla ya kutia sahihi.

PEPO NA MISIMU

Pwani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na biashara ya ng'ambo karne nyingi kabla ya meli za moshi, na biashara hiyo ilifuata pepo mbili. Kaskazi huvuma yapata toka Novemba hata Machi, na ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kusi huanza yapata Aprili, na ndiyo iliyovirudisha kwao. Mwezi wa Juni na wa Julai kusi huwa kali, na manahodha wenye busara walikaa bandarini. Wakati wa pepo kugeuka huitwa maleleji, au tanga mbili, maana chombo chaweza kwenda upande huu au ule.

Kwa mfanya biashara pepo hizo zilikuwa kalenda yake. Aliyechelewa kununua boriti za Lamu kabla ya kusi kuanza aliona majahazi yameondoka, akangoja mwaka mzima. Hata desturi ya kukopeshana mali ilifuata misimu: deni lililochukuliwa kaskazi hii liliweza kulipwa kaskazi ijayo. Kwa hiyo tangu zamani wakati ni sehemu ya bei, jambo ambalo litaonekana tena katika habari za bandari za leo.

CHOMBO NA WATU WAKE

Neno chombo, katika lugha ya bahari, hujumlisha kila kitu kielacho na kuchukua watu au mizigo. Jahazi ni chombo kikubwa cha tanga. Mashua ni kidogo kuliko jahazi. Ngalawa ni mtumbwi wenye matengo pande mbili ili usipinduke. Mtepe, ambao haupo tena katika biashara, ulishonwa kwa kamba bila misumari, na tanga lake lilisukwa kwa ukindu. Neno meli lilitokana na neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa meli za moshi za kwanza zilizojulikana sana pwani zilikuwa zikichukua barua.

Sehemu ya mbele ya chombo ni omo, na ya nyuma ni tezi. Chini kabisa, mahali pa kukusanyika maji yaliyopenya, ni ngama. Kutokana na maneno hayo matatu yapo mafumbo ya wahenga: "Tezi na omo, marejeo ni ngamani." Maana yake, maji yakiingia mbele au yakiingia nyuma, mwisho wake ni mahali pamoja. Mfanya biashara na aikumbuke methali hii, maana gharama za safari ni hivyo hivyo: ziingie mwanzoni au mwishoni, zitateremka mpaka zimfikie mtu mmoja.

Mti usimamao ni mlingoti, na mti uchukuao tanga ni foromali. Kupandisha tanga ni kutweka, na kulishusha ni kutua. Upande utokao upepo ni joshini, na upande wa pili ni demani. Chombo kikienda kwa kukata huku na huku kuukabili upepo, husemwa kuwa chabisha. Kikisukwasukwa na mawimbi, chaenda mrama. Kikipotewa na mwelekeo na kuchukuliwa ovyo, chaenda arijojo. Kikisafiri bila shehena, hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga wa kukitia uzito, kisipinduke.

Watu wa chombo nao wana madaraka yao. Nahodha ndiye mkuu. Neno hili lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Serehangi ni msimamizi wa mabaharia. Rubani ni mjuzi wa njia, aongozaye chombo mahali asipopajua nahodha. Vasco da Gama alipofika Malindi katika Aprili 1498 alipewa rubani wa kumvusha, akafika Calicut katika Bara Hindi mwezi wa Mei mwaka huo huo. Hata leo meli kubwa iingiapo Mombasa hupokewa na rubani wa bandari aujuaye mlango wa Kilindini. Rubani hutoa maongozi, lakini nahodha hubaki mkuu wa meli yake. Methali yasema, "Nahodha wengi, chombo huenda mrama". Ndiyo sababu sheria za bahari humtaka mtu mmoja awe mwenye kujibu.

VIPIMO

Zamani mali ya pwani ilipimwa kwa pishi, yenye vibaba vinne, na kwa frasila, ambayo ni ratili 35, karibu kilo 16. Boriti ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Katika biashara ya leo vipimo vilivyo muhimu ni hivi.

Maili ya bahari ni mita 1,852, nayo ni ndefu kuliko maili ya nchi kavu. Mwendo wa meli huhesabiwa kwa mafundo: fundo moja ni maili moja ya bahari kwa saa. Jina hili lilitokana na batli, yaani kibao kilichofungwa kamba yenye mafundo. Baharia alikitupa nyuma ya meli na kuhesabu mafundo yaliyopita mkononi mwake katika muda uliopimwa kwa chupa ya mchanga. Kutoka Mombasa hata Mumbai ni yapata maili 2,400. Basi meli ya mafundo 12 huhitaji saa 200, yaani siku nane na zaidi kidogo, bila kuhesabu kungoja bandarini.

Tani ni neno lenye hatari, kwa kuwa lina maana zaidi ya moja. Tani ya uzito ni kilo 1,000. Lakini tani zitajwazo kwa ukubwa wa meli hutokana na nafasi iliyomo ndani yake, wala si uzito wake. Tena, katika nauli ya mizigo isiyojaza kontena, desturi ni kulinganisha uzito wa tani moja na ujazo wa mita moja ya mraba tatu, yaani mita moja kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Lililo kubwa ndilo litozwalo. Kwa mfano, magodoro yenye uzito wa kilo 600 yaliyojaza nafasi ya mita nane za namna hiyo yatalipiwa vipimo vinane, wala si chini ya kimoja kama mwenyewe alivyodhani alipoyaweka katika mizani.

Kipimo kingine huonekana ubavuni mwa meli: duara lililokatwa na mstari, na kando yake mistari midogo yenye herufi. Alama hiyo yaonyesha meli yaweza kuzama hata wapi ikiwa na shehena. Mbunge mmoja wa Uingereza, Samuel Plimsoll, aliishindania sana, kwa sababu wenye meli wengine walikuwa wakizijaza kupita kiasi, na mabaharia wakafa maji huku wenye meli wakilipwa bima. Sheria ya mwaka 1876 ikailazimisha alama hiyo katika meli za Uingereza, na baadaye mataifa yakakubaliana juu yake. Mistari ni mingi kwa kuwa maji ya chumvi hubeba zaidi kuliko maji baridi, na bahari ya joto si sawa na bahari ya baridi kali.

BANDARINI

Bandari ni mahali pa vyombo kutia nanga kwa salama. Kilindi ni maji yenye kina kirefu, na ndipo lilipotoka jina la Kilindini. Gati ni ukuta wa kufungia meli ili ipakuliwe moja kwa moja nchi kavu. Palipokuwa hapana gati za maji marefu, meli zilisimama mbali na mizigo ikashushwa katika tishali, yaani vyombo vipana visivyo na tanga vivutwavyo hata ufuoni. Gati za kwanza za maji marefu zilijengwa Kilindini katika miaka ya 1920.

Shehena ni mizigo yote iliyomo melini. Kupakia na kupakua ni kazi ya makuli kwa msaada wa winchi na kreni. Ghala, au bohari, ni nyumba ya kuwekea mali. Forodha ni idara ikaguayo mali na kutoza ushuru.

Badiliko kubwa lilikuja na kontena, sanduku la chuma la futi 20 au futi 40. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X ilisafiri kutoka Newark hata Houston, Marekani, ikiwa na makontena 58, kwa shauri la mfanya biashara Malcom McLean. Kabla ya hapo kila gunia na kila kasha liliinuliwa peke yake, na meli iliweza kukaa gatini siku nyingi. Kontena imeharakisha kazi na kupunguza wizi wa rejareja, lakini imeleta jambo jipya la kuangaliwa: mwenye meli hupokea sanduku lililofungwa, wala hajui kwa macho yake kilichomo ndani. Kwa hiyo huandika kwamba "yasemekana" ndani mna magunia kadha wa kadha. Neno hilo dogo lamwondolea sehemu kubwa ya dhamana ya hesabu. Ulinzi wa mnunuzi ni lakiri, au sili kama waitavyo bandarini, yenye nambari yake. Mpokeaji mwenye akili huilinganisha nambari hiyo na ile iliyo katika hati kabla ya kuikata, mbele ya mashahidi. Akiisha kuikata, ushahidi umekwenda.

HATI TATU ZA KUJULIKANA

Ya kwanza ni ankara. Hii hutoka kwa muuzaji, nayo huonyesha bidhaa, idadi, bei, na masharti ya bei. Ya pili ni orodha ya shehena yote, iitwayo manifesti, ambayo meli huipeleka kwa watu wa forodha. Mzigo usiomo katika manifesti ni kama mtu asiye na jina. Hauwezi kutoka kwa urahisi.

Ya tatu, na iliyo kuu, ni hati ya shehena, ambayo makarani wa Mombasa huitaja kwa herufi mbili tu, B.L. Hati hii hufanya kazi tatu. Kwanza, ni stakabadhi: yashuhudia kwamba mwenye meli amepokea mali kwa idadi na hali iliyoandikwa. Pili, ni ushahidi wa mapatano ya uchukuzi: nyuma yake yameandikwa masharti kwa herufi ndogo. Tatu, ikiwa imeandikwa kwa namna ya kuhamishika, ni ufunguo wa mali yenyewe: aliye na hati halisi ndiye awezaye kudai mzigo, na aweza kuuuza ungali baharini kwa kuikabidhi hati hiyo kwa mwingine.

Desturi ni kutoa hati halisi tatu zenye nguvu sawa. Moja ikiisha kutumiwa kuchukua mzigo, zilizobaki hazina kazi. Kwa hiyo anunuaye mali iliyo baharini hana budi kudai zote tatu. Akikubali mbili, ile ya tatu yaweza kumtangulia bandarini ikiwa mikononi mwa mwingine. Aliyepoteza hati naye hataupata mzigo kwa maneno matupu. Kwa kawaida mwenye meli humtaka alete dhamana ya benki.

Hati husemwa kuwa safi ikiwa haina maneno ya kulalamikia hali ya mzigo. Ikiandikwa "magunia 15 yamepasuka", si safi tena. Tofauti hii ni kubwa. Mara nyingi muuzaji na mnunuzi wasiojuana hutumia benki, na benki humlipa muuzaji ionapo hati zilizo sawasawa na maagizo. Benki hutazama karatasi, wala haitazami mzigo. Ikiwa mnunuzi hakuagiza kwamba mali ikaguliwe kabla ya kupakiwa, benki yaweza kulipia magunia ya makapi kwa sababu karatasi zilisema mchele.

F.O.B. NA C.I.F.

Herufi hizi huonekana katika ankara nyingi. Maana yake imewekwa na Chama cha Kimataifa cha Wenye Biashara, chenye makao Paris, ambacho kilitoa kanuni zake za kwanza mwaka 1936 na kuzitengeneza tena mara kadhaa, hata zile za mwaka 2020.

F.O.B. hufuatwa na jina la bandari ya kupakilia. Muuzaji hugharimia mali mpaka iwe ndani ya meli katika bandari hiyo. Nauli ya bahari ni juu ya mnunuzi, na bima pia akiitaka. C.I.F. hufuatwa na jina la bandari ya kushukia. Muuzaji hulipa nauli na bima mpaka bandari hiyo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu asomapo "C.I.F. Mombasa" hudhani kwamba muuzaji ana dhamana ya mali mpaka Mombasa. Sivyo. Katika masharti yote mawili dhamana ya hasara humhamia mnunuzi mara mali iingiapo melini katika bandari ya kupakilia. Katika C.I.F. muuzaji amelipa gharama za njia, lakini hakuichukua hatari ya njia. Tuseme mfanya biashara wa Nakuru amenunua mashine kwa C.I.F. Mombasa, na siku ya tano ya safari maji ya bahari yakapenya na kuiharibu. Hawezi kumdai muuzaji. Haki yake ni juu ya bima, na pengine juu ya mwenye meli ikiwa uzembe wake ndio ulioleta hasara.

Na bima hiyo ni ya namna gani? Kwa kanuni za mwaka 2020, muuzaji wa C.I.F. hulazimika kununua bima ndogo kabisa tu, ila wakipatana vingine. Bima hiyo yajibu moto, meli kuzama, kupwelea au kugongana, na mengine machache. Haijibu wizi, wala maji ya bahari yaliyopenya katika safari ya kawaida. Basi mnunuzi wa Nakuru ana karatasi iitwayo bima, lakini hasara yake haimo ndani yake. Kama angalidai bima kamili katika mapatano, nyongeza ya bei ingalikuwa ndogo mno kuliko mashine.

Kwa mizigo ya kontena, chama hicho chashauri masharti mengine, kwa kuwa muuzaji huikabidhi kontena uwanjani kabla haijaingia melini. Hata hivyo F.O.B. na C.I.F. zingali zikitumika kila siku.

Jambo la pili la kujulikana ni ushuru. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, thamani ya forodha ya mali ijayo kwa bahari hujumlisha bei, bima na nauli mpaka bandari ya kuingilia. Tuseme mashine imenunuliwa kwa shilingi 800,000 F.O.B., nauli ni shilingi 90,000 na bima ni shilingi 10,000. Ushuru utahesabiwa juu ya shilingi 900,000. Kiwango kikiwa asilimia 10, ushuru ni shilingi 90,000, wala si 80,000. Aliyefanya hesabu ya faida kwa bei ya F.O.B. peke yake atapungukiwa na shilingi 10,000 kabla mali haijatoka bandarini, tena bila kuhesabu kodi nyingine. Tezi na omo, marejeo ni ngamani.

BIMA NA HASARA YA PAMOJA

Bima, neno lililotoka Bara Hindi, ni mapatano ambayo watu wengi huchanga kidogo kidogo ili mmoja wao akipatwa na hasara asiangamie. Nyumba iliyo mashuhuri zaidi kwa bima ya bahari ni Lloyd's ya London, iliyoanza katika duka la kahawa la Edward Lloyd, ambalo habari zake zajulikana tangu mwaka 1688. Manahodha na matajiri walikutana humo kuulizana habari za vyombo na kugawana hatari.

Ya kale zaidi kuliko bima ni hasara ya pamoja. Chombo kikielemewa na dhoruba, nahodha aweza kuamuru baadhi ya shehena itoswe baharini ili kilichobaki kiokoke. Je, ni haki aliyetoswa mali yake apate hasara peke yake, na wenzake waliookoka kwa ajili yake wasitoe kitu? Sheria ya bahari tangu zama za Wayunani na Warumi yasema si haki. Wote waliookoka hulipa kwa kadiri ya mali zao.

Hesabu yake ni hivi. Tuseme meli na shehena yote pamoja zina thamani ya shilingi milioni 10, na mali ya shilingi 500,000 imetoswa. Hasara hiyo ni asilimia 5 ya jumla. Mwenye mali ya shilingi 200,000 iliyofika salama atatoa shilingi 10,000. Mwenye mali iliyotoswa naye huhesabiwa fungu lake la asilimia 5, yaani shilingi 25,000. Kwa hiyo atapokea shilingi 475,000. Hivyo hakuna aliyeponea mgongoni mwa mwenziwe.

Sheria hii haikuzikwa na majahazi. Tarehe 23 Machi 1921 hazikuwapo meli za namna ya Ever Given. Lakini tarehe iyo hiyo ya mwaka 2021 meli hiyo, yenye urefu wa mita 400, ilikwama katika Mfereji wa Suez, ikauziba siku sita. Ilipookolewa, wenye meli walitangaza hasara ya pamoja. Wenye mali katika maelfu ya makontena wakatakiwa kutoa dhamana ya mchango wao kabla ya kupewa mizigo, ijapokuwa mizigo yenyewe haikuwa na dosari. Waliokuwa na bima ya shehena walisaidiwa na bima yao. Wasiokuwa nayo walijitegemea wenyewe.

ADA ZA KUCHELEWA

Mwisho ni maneno yalayo faida kimyakimya. Meli iishapo kupakua, mzigo hupewa siku kadhaa za bure bandarini. Zikipita, bandari hutoza ada ya kuweka mali. Mbali na hiyo ipo demareji, itozwayo na wenye meli kwa kontena yao iliyochelewa bandarini, na ada nyingine tena ikiwa kontena imetoka lakini haikurudishwa tupu kwa wakati. Ada hizi ni mbalimbali, hutozwa na watu mbalimbali, na zaweza kwenda pamoja. Aghalabu huongezeka kwa kila kundi la siku zipitazo, hata zikaizidi bei ya mali, na mwisho wake mali kupigwa mnada.

Sababu ya kuchelewa mara nyingi ni karatasi: jina lililoandikwa vingine katika ankara na vingine katika hati ya shehena, uzito usiolingana, au hati halisi iliyocheleweshwa njiani. Dawa yake ni kumpa wakala wa forodha nakala za hati zote meli ingali baharini, ili makosa yasahihishwe kabla siku za bure hazijaanza kuhesabiwa. Zamani aliyechelewa aliachwa na kusi. Siku hizi aliyechelewa huliwa na demareji.

YA KUSHIKA

Mfanya biashara hahitaji kuwa nahodha wala mwanasheria. Lakini kabla ya kutia sahihi ajiulize maswali matatu: Dhamana ya mali hii yanihamia mahali gani? Ikiharibika baada ya hapo, nani atanilipa? Na ni hati gani itakayonithibitishia? Akiwa na jibu lililoandikwa kwa kila swali, ameshika usukani wa biashara yake. Asipokuwa nalo, chombo chake kimetweka tanga bila dira.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya joshini na demani, na maana ya chombo kubisha.
2. Kwa nini magodoro hulipiwa nauli kwa ujazo wala si kwa uzito?
3. Hati ya shehena ina kazi tatu. Zitaje.
4. Mali iliyonunuliwa kwa C.I.F. Mombasa imeibwa safarini. Je, bima ndogo ya muuzaji yamsaidia mnunuzi? Eleza sababu.
5. Meli na shehena zina thamani ya shilingi milioni 20, na mali ya shilingi 800,000 imetoswa. Mwenye mali ya shilingi 300,000 iliyookoka atatoa kiasi gani?
6. Taja mambo mawili ya kufanywa kabla ya kukata lakiri ya kontena.

Majibu yote yamo katika somo hili. Jibu la swali la tano ni shilingi 12,000. Asiyelipata na airudie hesabu ya hasara ya pamoja.